Shajara ya mradi: meza ndogo ya kuzunguka ya milingi, Walukuba, Jinja

Februari

Nataka meza ya kuzunguka, ya kugeuza kazi chini ya kisu kwa pembe iliyopimwa, kwa ajili ya mashine yangu ya milingi. Si kubwa: bapa la duara lenye kipenyo cha mm 110, kimo kisichozidi mm 70, katikati tundu la koni ya Morse namba 2 (koni ya kipimo maalumu ya kushikia vifaa), na pembeni womu, yaani skrubu inayosukuma gurudumu la meno lililo chini ya meza, ya kuizungusha kwa mkono. Kimo ndicho kinachonibana kuliko vyote. Mashine yangu ni ile ndogo ya Kichina ya kuwekwa juu ya benchi, na ukishafunga meza, juu yake chaki ya taya tatu, kisha kazi yenyewe, kisha kisu, nafasi inayobaki ni ya kubembeleza.

Sababu ni gia. Jinja ni mji wa mashine tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikafuata umeme. Mashine zikizeeka hapa hazitupwi, zinahama: za kiwandani huingia karakana, za karakana huingia uani kwa watu. Siku hizi zinazoletwa kwangu zaidi ni za kukamua miwa. Busoga imejaa miwa, Kakira na kwingineko, na mjini hukosi mtu anayeuza juisi kwa mashine ya roli zinazoshikana kwa gia. Gia hizo ndizo hufa kwanza. Meno yake hufanywa marefu kwa makusudi, maana roli husogea mbali zikimeza muwa mnene na meno lazima yaendelee kushikana. Jino refu likipata mchanga na mzigo kwa pamoja, linalika au linang'oka. Dukani hupati ya kulingana nayo. Wengi hujazia kwa kuchomelea na kuchonga kwa tupa, na ukisimama karibu na mashine iliyotengenezwa hivyo utasikia inagonga kila mzunguko.

Mama mmoja muuza juisi ameniachia gia yake ya meno 17, mawili yameng'oka. Kumi na saba haigawanyiki kwa mbili wala tatu wala tano. Ukiwa na bamba la kugawia lenye matundu 24 au 60 halikusaidii lolote. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kazi hii haiwezi kuahirishwa tena.

Uwiano wa womu

Meza ndogo za dukani za inchi 4 kwa kawaida ni 72 kwa 1, yaani mizunguko 72 ya mpini kwa mzunguko mmoja wa meza, za inchi 6 mara nyingi 90 kwa 1. Nimechagua 72. Mzunguko mmoja wa mpini unakuwa digrii 5 kamili, na ukichora sehemu 60 kwenye pete ya mpini kila sehemu ni dakika 5 za pembe. Hesabu inakaa kichwani bila karatasi.

Ya pili ni hesi ya womu. Mabingwa hutumia hesi ya trapezi, ambayo kuta zake zimesimama zaidi na haisukumi gurudumu mbali sana. Mimi nimechukua M20 yenye hatua ya mm 2.5, hesi ya kawaida ya boliti, kwa sababu tapu yake, kifaa cha kukatia hesi, inapatikana Kampala, na tapu hiyohiyo ndiyo itakayokata meno ya gurudumu. Kuta za pembe ya 60 zitasukuma, najua, kwa hiyo meza hii itakuwa na kibanio imara na haitakatiwa chuma hata mara moja ikiwa haijabanwa.

Meno 72 kwa hatua ya 2.5 ni mzingo wa mm 180. Gawanya kwa pai, kipenyo cha kati cha gurudumu ni mm 57.30. Kipenyo cha kati cha hesi ya M20 ni mm 18.38. Jumlisha, gawa kwa mbili: umbali kati ya shafti mbili ni mm 37.84. Namba hiyo nimeiandika kwa chaki ukutani juu ya benchi.

Machi, kutafuta chuma

Kwa muuza skrapu nimepata puli ya zamani ya kasti (chuma cha kumimina), nzito, isiyo na spoku, kipenyo mm 130 na kitovu kinene. Kasti iliyokaa miaka mingi ndiyo bora kwa meza: imeshamaliza kujikunja kwake na haitakusumbua ukiichonga. Bapa la puli litakuwa uso wa meza, kitovu chake nitakikata kiwe bushi ya beringi ndani ya kitako. Bronzi nimeipata Masese, bushi ya shafti ya boti iliyolika upande mmoja, nje mm 66, tundu mm 28. Womu itatoka kwenye hafushafti ya gari iliyokatika. Chuma cha hafushafti ni kigumu. Nilikilaza kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, nikakifukia kwenye majivu usiku kucha ili kilainike kabla ya kukerezwa.

Kitako nimekiunga kwa vipande vya bamba la mm 20, nikakichomelea. Chuma kilichochomelewa kina mvutano ndani yake. Ukikisawazisha leo, kesho kimepinda. Kwa hiyo nacho kiliingia kwenye moto wa makaa, pipa zima, kikakaa humo mpaka asubuhi. Baada ya hapo tu ndipo nikakifunga kwenye milingi na kusawazisha chini, kisha juu, kisha chini tena kwa mkato mwembamba.

Machi, mvua zimeanza

Spindeli ya meza, shafti yake ya katikati, imekamilika. Shingo inayozunguka ndani ya bushi ya kasti ni mm 40, ngazi ya kukalia gurudumu ni mm 32, na ndani yake tundu la Morse namba 2. Koni hiyo pembe yake kutoka mstari wa kati ni digrii 1, dakika 25 na sekunde 50, na hakuna slaidi ya mashine ndogo ya kukereza unayoweza kuisoma kwa usahihi huo. Njia ni kuchukua senta nzuri ya Morse 2 (ncha ya koni ya kushikilia kazi), kuifunga kati ya senta za mashine, kuweka saa ya kupimia kwenye kishikio cha kisu, na kusogeza slaidi huku na huku ukigongagonga kwa nyundo ya plastiki hadi sindano isisogee kabisa kutoka mwanzo wa koni hadi mwisho. Kisha usiiguse slaidi hiyo mpaka kazi iishe. Nilipaka rangi ya bluu kwenye senta, nikaisukuma ndani na kuizungusha: bluu ilienea kote isipokuwa pete nyembamba mdomoni.

Bapa la kasti limepachikwa kwenye spindeli kwa kubana na kuongezewa skrubu nne za M5 kwa chini. Uso wa juu nimeukereza mwisho kabisa, spindeli ikiwa inazunguka kwenye chaki na kupimwa kwa saa. Sikuchonga mifereji ya T. Kwenye bapa la mm 110 mifereji inakula chuma kingi na kubakiza kingo dhaifu. Nimetoboa matundu na kuyatia hesi ya M6, kwenye duara tatu. Uchafu ukiingia, skrubu fupi inaziba.

Bushi ya kasti ndani ya kitako niliitoboa mm 40 ikiwa tayari imepachikwa, kwa kisu cha kutoboa kwenye milingi, na nikamalizia kwa kukwangua. Ukidondosha spindeli yenye mafuta inashuka polepole kwa uzito wake, ikisukuma hewa mbele yake.

Yai na kuku

Sasa ndipo tulipofika penye utamu. Meza hii kazi yake ni kugawa duara, na ili niitengeneze lazima nigawe duara mara 72. Sina cha kugawia, ndicho ninachokitengeneza.

Kuna wanaosema huhitaji kugawa: weka gurudumu la bronzi lizunguke lenyewe, sogeza tapu inayozunguka, na tapu italivuta na kukata meno yenyewe. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki ngumu ili nione kwa macho. Tapu ilivuta, meno yakatoka safi, ya kupendeza, na yalikuwa 74. Sababu iko wazi ukiitazama. Tapu inapoanza kugusa inagusa nje, ambako kipenyo ni mm 58.9 na mzingo ni mm 185. Gawa kwa 2.5 unapata 74. Tapu haijui kwamba wewe unataka 72 kwa ndani, inahesabu inapogusa. Kwa hiyo lazima nichonge mifereji 72 ya mwanzo, iwe njia ambayo tapu itaifuata.

Kugawa 72 nimetumia mbinu ya ukanda wa karatasi. Rula yangu ya chuma ni ya mita 1. Sehemu 72 za mm 13 ni mm 936, zinaingia kwenye rula na nafasi inabaki. Nimekata ukanda wa karatasi nzito, nikaulaza kando ya rula na kuchora kila mm 13 kwa sindano ya kuchorea, si kwa kalamu, maana mstari wa kalamu una upana wake. Kisha nikakereza duara la plaiwudi lenye unene wa mm 18 hadi ukanda ulipoizunguka na ncha zake kukutana bila kupandana wala kuachana. Hapo kipenyo ni karibu mm 298. Duara hilo linafungwa kwenye ncha ya nyuma ya spindeli, na kidole cha chuma chenye mstari mmoja kinasimama mbele yake. Unazungusha, unatazama kwa kioo cha kukuzia, unabana, unachonga.

Mpwa wangu anayejifunza kazi aliutazama ukanda ule kwa muda. "Mjomba, hii ni karatasi. Mstari ukikosea kidogo, gia nayo si itakosea?"

Itakosea, na inafaa kujua kwa kiasi gani. Kwa macho yangu na kioo naweza kulenga mstari ndani ya mm 0.2. Kwenye duara la nusu kipenyo mm 149 hiyo ni dakika 4 na nusu za pembe. Gurudumu ni dogo, nusu kipenyo chake ni mm 28.65, kwa hiyo kosa lilelile likifika kwenye jino limeshakuwa mm 0.04. Duara la kugawia likiwa kubwa kuliko kazi, kosa linapungua likielekea kwenye kazi. Ndiyo maana nilichukua plaiwudi ya karibu mm 300 na sikuridhika na ya 150.

Aprili, kuchonga mifereji

Mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya reli ya Nalukolongo, ambaye hupita kwangu akiwa Jinja, alitazama spindeli na gurudumu bado havijaunganishwa. Akaniambia: "Usikate meno ya gurudumu likiwa kwenye mandreli ya kuazima. Likate likiwa nyumbani kwake."

Maneno hayo ndiyo uti wa mgongo wa mradi huu. Gurudumu likikatwa kwenye mandreli, yaani shafti ya muda ya kushikia kazi, kisha likahamishiwa kwenye spindeli nyingine, likahama katikati kwa mm 0.02 tu, meza itakuwa mbele kwa zaidi ya dakika 2 upande mmoja na nyuma kwa zaidi ya dakika 2 upande wa pili, na hakuna marekebisho yatakayoliondoa kosa hilo. Kwa hiyo bronzi imepachikwa kwenye spindeli yake, imefungwa kwa skrubu na pini, imekerezwa nje ikiwa hapo, na spindeli ikaingia kwenye bushi yake ndani ya kitako chake. Kitako kizima nimekilaza kwa ubavu juu ya meza ya milingi. Meno yamekatwa mahali yatakapoishi.

Mifereji haiko sambamba na spindeli. Hesi ya womu inapanda kwa pembe ya digrii 2.5, na mifereji lazima ilale kwa pembe hiyohiyo, na upande uleule. Chini ya kitako niliweka bapa la urefu wa mm 200 lililoinuliwa mm 8.7 upande mmoja. Kisu ni kimoja tu, kimenolewa pembe ya 60 na kufungwa kwenye kishikio, kinazunguka na kugonga bronzi mara moja kila mzunguko. Kina cha mm 1.2, siyo zaidi. Kinachobaki ni cha tapu.

Kazi hii haikubali mazungumzo. Zungusha, soma, bana, chonga, legeza. Redio nilizima. Mpwa wangu alikaa na daftari, kila mfereji ukikamilika anaweka alama, na kila mara kabla sijachonga anataja namba kwa sauti. Mfereji wa mwisho ulifika kwenye wa kwanza, na ukuta kati yao haukuweza kutofautishwa na kuta nyingine kwa kioo. Nilipima unene wake kwa pini mbili na mikromita: tofauti ilikuwa mm 0.03.

Aprili, tapu

Tapu ni ya mkono, M20, mifereji minne iliyonyooka. Nimeishika kwenye spindeli ya milingi kwa juu na kuisimamia kwa senta kwa chini ili isiyumbe. Kasi ya chini kabisa. Gurudumu liko huru kuzunguka ndani ya bushi yake, mafuta mepesi yametiwa.

Niliisogeza tapu mpaka ikaingia kwenye mifereji na gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe, taratibu, jino moja kwa kila mzunguko wa tapu. Baada ya hapo ni kusogeza sehemu ya kumi ya milimita, kuacha gurudumu limalize mizunguko kadhaa mpaka unga wa bronzi uishe kutoka, kisha kusogeza tena. Unga wenyewe ni mwembamba kama unga wa mahindi uliochekechwa. Unajaa kwenye mifereji ya tapu na lazima uutoe kwa brashi, si kwa hewa, usije ukaingia kwenye bushi.

Kitu kizuri kinatokea hapa ambacho hakionekani kwa macho. Tapu haikati jino moja peke yake. Inagusa meno kadhaa kwa pamoja, na umbali kati ya nyuzi zake ni sahihi kuliko mistari yangu ya karatasi. Jino lililosimama mbele kidogo linakwanguliwa zaidi, lililobaki nyuma linaachwa. Mzunguko baada ya mzunguko makosa madogo ya jirani na jirani yanasawazishwa. Hayafutiki yote. Kosa refu, la upande mzima wa gurudumu kuwa mbele au nyuma, tapu haiwezi kulijua. Lakini yale ya hapa na pale yanakufa.

Umeme ulikatika tapu ikiwa ndani. Sikuwa na wasiwasi: tapu na gurudumu vimeshikana, havipotezani. Niliacha kila kitu kilivyo, nikafunika kwa kitambaa, na umeme uliporudi nikawasha na kazi ikaendelea kutoka palepale. Tulihesabu meno kwa kuweka alama ya wino kwenye la kwanza. 72.

Mei, womu na bushi yake

Womu nimeikereza kwenye hafushafti, hesi ya mm 2.5 kwa kisu kimoja, na nimeisugua kwa muda mrefu ndani ya nati ya bronzi yenye unga wa kusugulia na mafuta hadi ikawa inang'aa. Baadaye nimeiosha kwa petroli mara nyingi kuliko ilivyoonekana lazima, kwa sababu unga ukibaki kwenye womu utaila bronzi miaka yote.

Womu imekaa kwenye ncha ya shafti, na shafti imepita ndani ya bushi ndefu ambayo tundu lake liko nje ya kitovu kwa mm 1.5. Hili ni jambo ambalo ningependa kila anayetengeneza meza hii alifanye. Ukizungusha bushi kidogo, womu inasogea kuelekea gurudumu mpaka isicheze tena. Ukiizungusha nusu duara, womu inarudi nyuma mm 3 na kuachana kabisa na gurudumu, nawe unaweza kuzungusha meza kwa mkono unapotafuta katikati ya kazi. Meno yakilika baada ya miaka, unazungusha bushi upana wa unywele na mchezo umeisha.

Womu niliirekebisha mahali panapobana zaidi. Gurudumu lolote lina mahali linapobana kidogo kuliko kwingine. Ukirekebisha mahali pengine, hapo patakwama. Sasa mpini unazunguka wote kwa uzito uleule karibu kote, na pale panapobana panahisiwa kwa kidole tu.

Mei, mabamba ya matundu

Kwa mama wa juisi ninahitaji 17. Sabini na mbili gawa kwa 17 ni mizunguko 4 na sehemu 4 za 17. Kwa hiyo nahitaji duara la matundu 17 nyuma ya mpini. Na ili nitoboe duara hilo kwa meza yangu nahitaji kuwa nalo tayari.

Hapa yai na kuku wanarudi, ila sasa tuna silaha. Nilichukua daftari la shule la mistari. Mistari yake iko sawasawa. Ukanda wa karatasi ukiulaza kwa mshazari, ncha moja kwenye mstari wa kwanza na nyingine kwenye mstari wa 18, mistari iliyo katikati inaukata sehemu 17 zilizo sawa, bila rula wala hesabu. Nikauzungushia kwenye duara la bamba, nikaweka alama, nikapiga ponchi, nikatoboa kwa drili ya mkono. Bamba hilo ni la ovyo. Matundu yake yanaweza kukosea mm 0.3 kwenye nusu kipenyo cha mm 50, na hiyo ni dakika 20 nzima. Ukiligawia gia moja kwa moja, gia itagonga.

Lakini likiwa nyuma ya womu, kosa la dakika 20 linagawanywa kwa 72. Linakuwa sekunde 17. Nikafunga bamba jipya juu ya meza, bamba la ovyo kwenye mpini, na kila mizunguko 4 na matundu 4 nikatoboa tundu moja la mm 3. Tundu la 17 likaisha, mzunguko uliofuata ukarudisha drili ndani ya tundu la kwanza, ikaingia bila kugusa ukuta.

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo tukitumia hili jipya kutengeneza jingine, litakuwa bora zaidi?" Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba tumeshafika ukutani. Bamba jipya sasa lina makosa ya gurudumu lenyewe, dakika mbili tatu hivi. Likirudi nyuma ya womu, yanagawanywa kwa 72 na kuwa sekunde mbili tatu, ambazo hakuna mtu Jinja atakayezipima. Kuanzia hapo bamba si tatizo tena. Kinachobaki ni gurudumu la bronzi, na kosa lake haligawanywi na chochote. Linakwenda lote kwenye kazi. Siku nikitaka meza bora zaidi, nitatumia hii kuchonga mifereji 72 ya gurudumu jingine.

Kwa njia hiyohiyo nimetoboa 19, 21, 23 na 29. Zitafuata 31, 37 na 41. Za 15, 16, 18 na 20 nimezitoboa pia, maana ndizo zinazotumika kila siku.

Juni, alama na vipimo

Digrii 360 kwenye ukingo wa meza zimechorwa na meza yenyewe: sehemu moja ya tano ya mzunguko wa mpini ni digrii moja. Kisu chenye ncha kali kimefungwa kwenye spindeli isiyozunguka, nikakivuta mm 3 kwa kila digrii, mm 5 kwa kila tano, mm 7 kwa kila kumi. Namba nimezipiga kwa mihuri ya mm 3, na kila muhuri ulikaa ndani ya kitalu chenye tundu la mraba ili zisiyumbe.

Kupima usahihi nilitoboa na kurimu matundu sita kwenye duara la kipenyo cha mm 80. Kwenye pembe sita umbali kati ya tundu na jirani yake ni sawa na nusu kipenyo, mm 40. Niliingiza pini na kupima kwa mikromita. Umbali mkubwa ulikuwa 40.03, mdogo 39.98. Kosa kubwa, 0.03 kutoka 40 kamili, hapo ni dakika 3 za pembe. Inalingana na nilichokitarajia kwa gurudumu lililoanzia kwenye karatasi, na kwa gia yenye nusu kipenyo cha mm 34 ni mm 0.03 kwenye jino.

Juni, gia ya miwa

Gia ya zamani inakaribia moduli 4 (kipimo cha ukubwa wa meno), lakini kwa kuwa meno yake ni marefu sikutumia kisu cha kawaida. Nilinoa kisu kwa kukilinganisha na nafasi kati ya meno mawili yasiyolika, nikikishika mbele ya taa mpaka mwanga usipite pembeni. Chuma ni shafti ya lori. Kila nafasi nilikata kwa hatua nne, kibanio kikiwa kimekazwa kila mara. Mizunguko 4, matundu 4, bana, kata.

Mama alikuja na mashine yake yote juu ya mkokoteni kwa sababu hakutaka nijaribu gia hewani. Tukaifunga, akaingiza muwa mnene kuliko aliozoea kuingiza. Roli ziliachana, meno yakaendelea kushikana, na hapakuwa na kugonga. Aliusukuma muwa wa pili, akaniuliza: "Na ile nyingine ya chini, fundi, utanifanyia lini?" Ile ina meno 23. Bamba lake tayari lipo, na shafti ya kuikatia nimeshaiweka kwenye msumeno.

Kwenye orodha ya meza bado kuna kibanio cha pili upande wa nyuma, kifuniko cha kuzuia vumbi lisiingie kwenye womu, na stendi yenye senta ya kushikilia shafti ndefu. Stendi ndiyo ya kwanza.